Wapangaji wa Bwawa la Baba

Baba yangu alikuwa msimamizi wa usafi hospitalini kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu, alistaafu hospitali tu, usafi alikuja nao nyumbani. Kwetu ukiweka kikombe mezani ukaenda kufunga mlango, ukirudi unakuta kimeshaoshwa, kimekaushwa, kimerudishwa kabatini, nawe kiu unayo bado. Mama, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake umenolewa pamoja na mkasi, husema yeye aliolewa na ufagio ulioota masharubu.

Nyuma ya nyumba kuna bwawa la samaki, hatua ishirini kwa kumi na mbili. Baba alilichimba mwaka aliostaafu. Mwaka wa kwanza alivuna kambare wa urefu wa mkono, na sote tukamheshimu upya. Kasoro ilikuwa moja, maji yalikuwa ya kijani. Baba hakulala kwa ajili ya ile rangi. Akaenda duka la pembejeo, akaeleza shida yake, akarudi na mrututu, zile chembe za buluu ambazo wakulima huchanganya na kunyunyizia nyanya zisipate ugonjwa. Kikombe kimoja kila Jumamosi, kinayeyushwa ndani ya ndoo na kumwagwa bwawani kwa duara. Ikifika Jumatatu, maji yameng'aa hata ukiangusha sindano unaiona huko chini inakukonyeza.

Ila samaki wakaanza kupungua mwili. Mwaka wa pili na wa tatu tulivuna kambare wa ajabu, kichwa cha mwenyekiti, mwili wa mjumbe. Ukimwona kwa mbele unamwamkia, ukimwona kwa nyuma unampa pole. Baba alimlaumu muuza chakula cha samaki, kisha ndege, kisha mimi, kwa kuwa eti napiga kelele karibu na maji samaki wanakosa hamu ya kula. Kelele ni kweli ninazo, ndiyo maana tangu utotoni wananiita Kasuku, lakini sijawahi kumkondesha mtu kwa maneno.

Basi Mama akatoa hukumu. Vifaranga wa samaki walikuwa wamekwisha kuagizwa, wangefika baada ya miezi mitatu. Kabla ya siku hiyo Baba aeleze samaki wanakonda kwa nini, na aeleze kitu cha kueleweka. Akishindwa, bwawa linafukiwa na Mama anajenga pale chumba chake cha kushonea, maana amechoka kushonea nguo za watu kwenye korido. Mama hana kawaida ya kurudia neno. Baba akaenda kufagia ukingo wa bwawa. Nilimwangalia kupitia dirishani nikaona jambo ambalo halinichekeshi: mzee huyu bila bwawa atabaki kufuta vumbi la jana, na vumbi la jana huwa keshalifuta jana.

Mimi wakati huo nilikuwa na miezi minne tangu niajiriwe maabara ya maji. Kazi yangu ilikuwa kulea wapangaji. Hilo ni jina langu mwenyewe. Mtaalamu, bosi wangu, anawaita viluwiluwi wekundu. Ni watoto wa visubi, wembamba kama uzi wa kudarizi, na makazi yao ni ndani ya tope chini ya maji. Wanachimba vijumba, wanakula tope hilohilo, na samaki wa chini wanawala wao. Ukitaka kujua tope fulani lina sumu, unaliweka kwenye chupa za kioo, unamimina maji juu, unatia wapangaji kumi kila chupa, unasubiri siku kumi, halafu unachuja na kuhesabu walio hai. Tope likiwa zuri, wanaingia ndani kabla hujamaliza chai. Likiwa baya, wanabaki juu wakizunguka kama watu walioonyeshwa chumba chenye choo kibovu.

Halmashauri ilileta tope la mfereji mmoja ulio chini ya karakana ya kupaka vyuma shaba. Ili kulipima tulihitaji tope safi la kulinganishia, chupa nane za hili na nane za lile. Mtaalamu akaniagiza nipande hadi kijito cha msituni, juu kabisa ambako hakuna anayeishi. Ni saa mbili za mlima kwenda, na kurudi umebeba ndoo ya tope.

Nikatumia akili yangu ya sekondari. Nipande mlima kutafuta usafi, ilhali usafi umenizaa? Jioni hiyo nikazamisha kopo refu kwenye bwawa la Baba, katikati, nikatoa tope laini la kupendeza, asubuhi nikafika kazini mapema bila jasho hata tone. Mtaalamu, akiwa amejiinamia kwenye hadubini, akaniuliza kama tope limepatikana na kama ni safi. Nikamjibu ni safi kuliko sahani. Wala sikusema uongo, kwa jinsi nilivyoamini. Nikabandika na karatasi: TOPE SAFI.

Siku ya kwanza wapangaji wa tope la mfereji waliingia kwa mafungu, wengine wakagoma. Wangu wote walibaki juu. Nikamwambia Mtaalamu kwamba hawa wanaonekana ni watu wa kukagua kwanza, pengine wanataka kumwona mwenye nyumba. Hakucheka, naye kwa kawaida hucheka, hata kama ni kwa pua. Siku ya tatu walikuwa wanajikunja. Siku ya sita nikaacha kutania zile chupa.

Siku ya kumi tukachuja. Tope la mfereji lilitoa wanne hai kwa kila kumi. Tope safi, chupa nane, wapangaji themanini, walitoka hai watano. Mtaalamu alihesabu tena mwenyewe, kwa kibano, mmoja mmoja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Tope la kulinganishia linatakiwa libakize angalau wanane katika kumi, la sivyo jaribio zima ni la kutupwa, pamoja na siku kumi za watu wawili.

"Kasuku," akasema taratibu, "hili tope umelitoa wapi?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa. Ningesema kijitoni, akatafuta kosa kwenye maji au kwenye chakula cha wapangaji, nami nikapona. Lakini mficha uchi hazai, na isitoshe nilikuwa nimeanza kumwona kambare mwenye kichwa cha mwenyekiti akinitazama kutoka ndani ya ile chupa. Nikasema ni tope la bwawani kwetu. Nikasema na mrututu. Kikombe kila Jumamosi, mwaka wa pili sasa.

Aliniuliza kikombe cha ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akashusha pumzi, akavuta kiti, akanieleza kama anayemweleza mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Mrututu ni shaba. Ukiumwaga unaua ule ukijani, maji yanang'aa, na kila mtu anafurahi kwa sababu anatazama maji. Shaba yenyewe haiendi popote. Inatua chini, inakaa kwenye tope, na Jumamosi ijayo inaongezewa ndugu. Haiozi. Samaki mkubwa anaogelea juu huko, anavumilia. Wadudu wa tope, hilo tope kwao ndiyo nyumba, ndiyo ubwabwa, ndiyo kitanda. Wakiisha wao, kambare anashuka chini kula na kukuta sahani iliyooshwa.

Siku mbili baadaye alipima shaba kwa mashine. Tope langu safi lilikuwa na shaba mara tatu ya tope la karakana.

Nilijiandaa kufukuzwa. Hakunifukuza. Alisema jaribio linarudiwa lote, kijitoni nitapanda mwenyewe, na safari hii nitarudi na ndoo mbili kwa kuwa miguu yangu haina uchovu. Kisha akaongeza: "Mimi nimepoteza siku kumi. Baba yako anapoteza bwawa. Kamwambie kabla hajaweka vifaranga."

Rahisi kusema. Mimi namtania kila mtu, lakini kuna maneno ambayo ukimpelekea baba yako inabidi uyabebe kwa mikono miwili. Nilimkuta anaosha kikombe, kilekile cha mrututu, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikamwamkia, nikasimama, nikaeleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba.

Alinisikiliza hadi mwisho, akakausha kikombe.

"Unasema bwawa langu chafu?"

Nikamwambia sijasema hivyo, Baba. Akasema ndivyo nilivyosema, tena kwa kuzunguka. Akasema samaki wote aliwavuna wakiwa hai, maji yanang'aa, na kwamba yeye alikuwa akiua vijidudu mahospitalini wakati mimi bado nilikuwa sijui kupenga kamasi. Hapo alikuwa na haki, kamasi zilinisumbua sana.

Kwa siku kadhaa akawa anazungumza nami kupitia kwa Mama. Tumekaa watatu meza moja, anasema, "Mwambie mwanao anipitishie chumvi." Mama ananigeukia, "Baba yako anaomba chumvi, ila usiipime na mashine." Lakini niliona jambo moja: Jumamosi ile ilipita bila kikombe kutoka kabatini.

Jumatatu nikamwomba Mtaalamu wapangaji ishirini na chupa mbili. Akanipa bila kuuliza, akaniongezea na kibano. Asubuhi ya siku yangu ya mapumziko niliziweka chupa kwenye meza ya Mama ya kukatia nguo. Moja ilikuwa na tope la kijitoni, kutoka kwenye zile ndoo mbili nilizokwisha kuzibeba, nyingine tope la bwawani, kila moja na wapangaji kumi. Sikumwita mtu. Nikakaa.

Baba alikuja kupangusa meza. Akapangusa kulia kwa chupa, akapangusa kushoto, akazunguka. Meza ile sijawahi kuiona ikipanguswa kwa muda mrefu namna ile. Katika chupa ya kijitoni wapangaji walikuwa wanazama mmoja mmoja, mkia ukitikisika kidogo kisha kimya, hadi likabaki tope tupu na vitundu vidogo kama vya sindano. Katika chupa ya bwawani kumi wote walikuwa juu, peupe.

"Hawajazoea," Baba akasema. Hakusema amemwambia nani.

Tukangoja. Mama akapitisha kitambaa chini ya sindano ya cherehani, akashona, akasimama. Saa nzima ikapita. Baba akavuta kiti, akakaa, akachukua kijiti na kumsukuma mpangaji mmoja ndani ya tope, polepole, kama anayemlaza mtoto. Yule akakaa humo kidogo, akatoka.

Ndipo Baba akanigeukia mwenyewe, bila mkalimani. Akasema huenda bwawa lake nimelipa wapangaji wagonjwa. Hospitalini, alisema, huwezi kuilaumu wodi kabla hujambadilishia mgonjwa kitanda. Nikamsogezea kibano na kijiko. Akaenda kunawa kwanza. Kisha akawatoa wale kumi wa bwawani na kuwasubirisha kwenye kikombe cha maji. Kuwapata wa kijitoni ilibidi kuchimba, na kila alipomtoa mmoja alimwomba radhi kwa midomo tu, nikamwona. Akawahamishia hao kwenye tope lake, na wale wa kikombeni kwenye tope la kijitoni.

Wagonjwa wake wakaingia chini. Hawakuwa wepesi kama wale wa kwanza, lakini hadi Mama anamaliza kushona mkono wa gauni, walikuwa wamebaki wawili tu juu. Na wale wazima, waliokuwa wamekwisha kujenga, walipoteremshwa kwenye tope la Baba waliligusa, wakajikunja, wakasimama juu yake kama watu wanaokanyaga sakafu ya moto.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa nyuma yetu, uzi mdomoni, akizitazama chupa.

Baba akaosha kijiko. Akakiosha tena. Akakirudia mara ya tatu.

"Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa nawawekea hicho," akasema.

"Hukujua, Baba."

"Niliuliza dukani jinsi ya kusafisha maji. Sikuuliza chini anakaa nani." Akakausha mikono. "Huyo bosi wako anajua kulitoa?"

Alijua. Baba aliandika maagizo yote kwenye daftari, kwa namba. Maji yatolewe polepole ili tope lisiondoke nayo kwenda kwa jirani. Tope la juu likwanguliwe kiasi cha shibiri moja, litiwe kwenye magunia, lizikwe kwenye shimo lililotandikwa turubai la plastiki, mbali na kisima, mbali na mtaro. Bustanini lisitiwe, kwa sababu shaba haigeuki mbolea hata uisubiri vipi. Kazi ilimchukua wiki tatu. Alikwangua bwawa lile kama anayekwangua sufuria ya msiba, kwa jembe, kisha koleo, kisha, nilipomkataza akakataa, kwa kijiko cha bustani. Magunia aliyapanga kwa mistari na kuyaandika namba. Mama alimpelekea chai huko chini bwawani, akamuuliza kama anachimba tope au anatafuta mke mwingine. Baba akajibu kwamba mmoja huyu alimpata juu ya ardhi na bado hajamaliza kumlipia kwa masikio.

Mrututu uliobaki alinipa niupeleke maabara, umefungwa mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine.

Tulipojaza maji mapya, yakakaa siku nane yakageuka kijani. Baba alikuwa anayatazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala na viatu kitandani. Jumamosi zilimtesa. Alifua pazia, akafua zulia, akamuosha mbwa wa jirani kwa ridhaa ya jirani lakini bila ridhaa ya mbwa. Bwawa hakuligusa.

Vifaranga walibakiza wiki mbili kufika. Maelezo Mama alikuwa keshayapata, tena mezani pake, lakini akasema kujua ugonjwa siyo kupona. Kabla hata mkia mmoja haujaingia majini, anataka kusikia hesabu ya wapangaji. Mtaalamu akakubali kupima tope jipya la Baba, chupa tano, wapangaji hamsini. Baba alilileta mwenyewe kwenye kopo la kioo lililochemshwa, limeandikwa tarehe, saa, na kona ya bwawa lilikotoka. Mtaalamu alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama mimi, akalitazama tena kopo. Nikaelewa hotuba yote.

Siku kumi hizo alipita maabara kila mchana, akakaa kwenye benchi la mapokezi kama anayengojea mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji. Nilikuwa natoka kumpa habari. Wameingia ndani, Baba. Bado wako ndani, Baba. Leo mmoja ametoka, akaona huna mpango naye, akarudi.

Siku ya kumi aliruhusiwa kuingia. Mtaalamu akachuja, mimi nikahesabu, Baba akasimama mikono nyuma. Wa chupa ya kwanza wanane. Ya pili saba. Ya tatu saba. Ya nne wanane. Ya tano sita. Jumla thelathini na sita. Baba, aliyepanga mashuka hospitalini kwa kumikumi maisha yake yote, alikwisha kupiga hesabu kabla yangu: wanane kwa kila kumi, katika hamsini, ni arobaini.

"Tumeshindwa kwa wanne," akasema.

Mtaalamu akamwambia kwa tope la kulinganishia, ndiyo, hilo halifai, na hawezi kulipamba. Lakini bwawa si chupa. Kutoka watano katika themanini hadi thelathini na sita katika hamsini, hao ni watu wanaoishi mahali, na wakiachwa watazaana. Baba akashukuru, akainama kidogo kama wazee wanavyoinama, akatoka.

Njiani alitembea hatua mbili mbele yangu. Tulipokaribia nyumbani nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Mama hakuwepo maabara, na thelathini na sita na arobaini zikisemwa haraka zinafanana. Akasimama katikati ya njia.

"Utasema ulichohesabu."

Mama alikuwa kwenye korido, amezungukwa na nguo za watu. Nikasema nilichohesabu. Nikasema na kipimo, kwamba ilitakiwa arobaini. Baba alikuwa amesimama mlangoni na hakunisaidia kwa neno hata moja. Mama akauliza mara ya kwanza walibaki wangapi. Nikamkumbusha. Akachukua chaki ya kukatia, akaandika kwenye ukingo wa meza, akafikiri, akafuta kwa kiganja. Nilimwona Baba akilitazama lile vumbi la chaki na kujizuia.

"Mteja akiniletea gauni lililoungua nikamrudishia linavaliwa," Mama akasema, "hawezi kunidai liwe jipya." Akavuta kitambaa kingine. "Lete hao vifaranga. Hiki chumba changu utanijengea upande wa jikoni, na utakijenga wewe, kwa mikono hiyohiyo iliyokwangua."

Baba akasema, "Sawa, mama watoto," haraka sana kwa mtu wa umri wake.

Vifaranga walikuja asubuhi, ndani ya mifuko ya plastiki iliyovimba. Baba alishuka ukingoni, akaiacha mifuko ielee juu ya maji kwa muda unaoagizwa, kisha akaifungua mmoja mmoja. Wale samaki wadogo wakatoka kwa mkupuo na kutoweka. Walizama kwenye ule ukijani mara moja, hakubaki hata mmoja wa kuonekana. Baba alibaki ameinama, mikono magotini, anachungulia.

"Siwaoni," akasema.

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.

Akachungulia tena kidogo, akajinyoosha, akakung'uta magoti. "Haya. Tuwaache wapate kula."

Akaenda jikoni kupima ukuta.